Goti la Mama Mkwe

Mgonjwa wa kwanza niliyemshika goti katika hospitali ile ya Migori alinipiga teke, na nilistahili. Alikuwa mchimba dhahabu kutoka Macalder, amekuja na goti la kulia limevimba. Mimi nilikuwa afisa wa kliniki mpya, miezi miwili tu tangu nitoke chuoni, koti langu jeupe bado lina mikunjo ya dukani. Sikumsalimu sana. Nilienda moja kwa moja kwenye goti bovu, nikalishika kwa mikono miwili na kulikunja kama kitabu kilivyosema. Teke likanipata kifuani. Trei ikaanguka, na vyombo vikatawanyika hadi chini ya kitanda cha tatu.

Sista aliyesimamia wadi aliviokota bila haraka. Alikuwa mama wa Kikuria kutoka Ntimaru, mnene kiasi, mwenye sauti ndogo, na alikuwa amevaa kofia ya uuguzi tangu mimi sijaanza kuvaa suruali ndefu. Mimi ni Mjaluo, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili, kile chetu cha bara ambacho kila mtu hukipinda upande wake.

“Daktari,” alisema, maana watu walituita madaktari hata sisi tusiokuwa madaktari, “umeanza na goti gani?”

“Lile linalouma.”

“Sasa huyu mzee atakuamini aje? Anza na ile mzima. Ile mzima ndiyo itakuambia ile ngonjwa imepoteza nini.”

Alivuta kiti akaketi, akampa mgonjwa pole. Mimi niliyepigwa sikupewa pole yoyote. Akasugua viganja vyake mpaka vikapata joto, akamwomba yule mzee ruhusa, kisha akalishika goti zima, akilikunja na kulinyoosha huku akimuuliza habari za mashimo ya Macalder. Alipohamia kwenye goti bovu, mzee alikuwa katikati ya kisa cha shimo lililojaa maji, na hakukikatiza. Nilisimama kando nikisugua kifua changu, nimejaa hasira ambayo sasa naiona ilikuwa ya kitoto.

Miaka ile ya tisini hospitali yetu ilikuwa na mashine moja ya eksirei iliyopumzika kuliko mfanyakazi yeyote, na maabara yenye darubini moja. Kazi kubwa ilibaki kwa mikono. Sista hakuwahi kusema kwamba ananifundisha. Alikuwa tu akipita na trei yake, ananiona nikikosea, anasimama. “Joto huulizwa na mgongo wa mkono, si kiganja. Kiganja imeshika jembe na sufuria, haisikii tena.” Siku nyingine: “Weka kwa paja, halafu goti, halafu muundi. Goti nzima iko baridi kuliko paja. Ikilingana na paja, kuna neno. Ikizidi paja, wewe usiende kula.”

Alinionyesha jinsi ya kubonyeza kiungo kwa kidole gumba mpaka ukucha wangu mwenyewe ubadilike rangi, na kuishia hapo. Alinikataza kutazama goti wakati wa kubonyeza. “Goti haina mdomo. Angalia uso.” Alinionyesha jinsi ya kukamua maji kutoka juu ya goti kwa mkono mmoja na kuigonga pia ya goti, kile kifupa cha mbele, kwa mwingine, usikie inazama, inagonga mfupa chini, kisha inaelea tena. Kwa wagonjwa wa vidole alinikataza kabisa kusalimia kama mwanasiasa wa kuomba kura. Nimpe mgonjwa mkono wangu, yeye ndiye aushike, na nguvu atakayoitumia ndiyo kipimo changu.

Nilijifunza haya yote kwa shingo upande. Niliyafanya akiwepo, na asipokuwepo niliandika karatasi ya eksirei. Moyoni niliamini kwamba tiba yenyewe iko kwenye mashine, na kwamba mambo ya kupapasa ni ya watu waliozeekea wadini. Nasema hivi ili ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani siku mama mkwe wangu alipoletwa.

Nilikuwa nimeoa mwaka huo, msichana wa upande wa Rangwe. Mama yake alikuwa mjane aliyelima njugu na mtama kwa jembe la mkono, akauza mwenyewe sokoni Rangwe, hakumtegemea mtu. Msimu wa mvua alikwenda Macalder kumwona dada yake mdogo aliyekuwa akiwapikia wachimbaji. Huko akaanguka kwenye utelezi karibu na shimo, goti likapinda kidogo. Siku chache baadaye homa ikamshika. Dada yake akampakia kwenye pikapu iliyokuwa ikirudi mjini na kumleta hospitali iliyokuwa karibu, nayo ilikuwa ya kwetu.

Niliitwa kumwona mgonjwa mpya. Nikafungua mlango, nikamwona, na macho yangu yakaanguka sakafuni yenyewe. Yeye akavuta leso juu ya miguu na kugeukia ukuta.

Kwetu mama mkwe, tunayemwita maro, huheshimiwa kwa umbali. Humshiki mkono, huketi karibu naye, huli mbele yake. Kuuona mwili wake ni jambo ambalo hata kulitaja watu hunong’ona, kwa sababu mwiko wa namna hiyo huleta chira, laana ya kukonda na kuisha bila ugonjwa unaotajika. Na miaka ile watu wengi sana walikuwa wakikonda na kuisha, kwa hiyo hakuna aliyelichezea neno hilo, hata sisi wa makoti meupe.

Dada yake ndiye aliyezungumza. Homa ya siku nne, alisema, na goti linamsumbua, lakini hilo ni la uzee. Nililidaka jibu hilo kwa shukrani. Niliandika kwenye kadi: malaria, goti la uzee. Nikaandika kwinini na dawa ya maumivu, alazwe, nikatoka huku nikitazama viatu vyangu. Nilijiona mkwe mwema. Nilijipongeza kabisa.

Sikumaliza chai. Sista alikuja hadi chumba chetu cha mapumziko, kadi mkononi, akaiweka mezani mbele yangu.

“Umeandika goti ya uzee. Uligusa na nini? Na kalamu?”

“Sista, huyo ni mama mkwe wangu.”

Aliketi. “Pole. Hata kwetu mkwe ni mkwe, naelewa. Lakini hii kadi haikuandikwa na mkwe. Imeandikwa na daktari.”

Nikamwambia daktari mkuu atamwona kesho. Daktari mkuu alikuwa Homa Bay kwa mkutano, amekwenda na gari la hospitali, na mwenzangu wa zamu alikuwa likizoni. Mvua iliyokuwa ikinyesha tangu alfajiri ilikuwa imejaza mto, na hakuna aliyejua kama barabara ingefunguka hata hiyo kesho.

“Huyo mama hawezi kusongesha mguu hata kidogo,” alisema. “Nimemwambia akunje yeye mwenyewe, akalia. Kama ni usaha, kesho ni mbali.”

Nilijua anachosema, na kujua huko ndiko kulikoninyima raha. Usaha ukikaa ndani ya goti hula gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, na hauhitaji wiki. Ukishaila, goti hukauka na kujifunga. Nilimfikiria mwanamke yule, mguu umenyooka maisha yake yote, hawezi kuchuchumaa shambani, hawezi kuchuchumaa chooni, anangoja binti atoke Migori aje kumpalilia njugu. Na ningekuwa mimi niliyemfanya hivyo, kwa heshima.

“Mimi siwezi kuingia,” nilisema.

“Basi usiingie. Simama nyuma ya pazia. Leo utatumia mikono yangu.”

Ndivyo tulivyofanya. Alisogeza lile pazia la magurudumu, mimi nikasimama upande mmoja na kadi yangu, wao wakawa upande wa pili. Wadi nzima ilikuwa ikisikiliza. Niliuliza, yeye akashika, akanijibu.

“Paja?”

“Kawaida.”

“Muundi?”

“Kawaida.”

“Goti zima?”

“Baridi, vile inatakiwa.”

“Na lile lingine?”

Nilisikia mama mkwe akivuta pumzi kati ya meno. “Daktari,” sista akasema polepole, “hii imepita paja mbali. Na pia ya goti inaelea. Na kuna kitu hukuambiwa. Kuna chale hapa, kama kumi, zimepakwa majivu.”

Dada mtu, aliyekuwa mlangoni, akaanza kulia. Yeye ndiye aliyemwita bibi wa kuchanja huko Macalder ili ule uvimbe wa kuanguka utoke, na wembe haukuwa mpya. Hakuwa amenificha kwa ubaya. Aliniona nimeinamisha macho, akadhani nimeridhika.

Nikamwambia sista aandae sindano kubwa na iodini, atoboe upande wa nje, juu kidogo. Akatoka nyuma ya pazia akanikazia macho.

“Mimi nimeshika magoti miaka ishirini, lakini kutoboa sijawahi, na hiyo si ruhusa yangu. Nikitoboa vibaya nitaongeza ubaya. Nimekukopesha mikono mpaka hapa. Hapa ndipo mwisho wake.”

Nilikaa kwenye benchi upande wangu wa pazia. Sitajifanya shujaa, niliogopa. Niliogopa chira, niliogopa wajomba wa mke wangu, niliogopa mke wangu mwenyewe. Na zaidi ya hayo niliogopa kwamba ningelishika goti lile vibaya, kama nilivyolishika la yule mchimbaji.

Kupitia pazia nilimsikia sista akimweleza mama kwa Kiswahili, maana hakujua Kijaluo, na mama alijua Kiswahili cha sokoni. Alimweleza yote, usaha, sindano, na kwamba hakuna mwingine wa kufanya ila mkwe.

“Mama,” sista akasema, “mficha uchi hazai.”

“Mimi nimezaa saba, sista,” mama mkwe akajibu. “Sasa nataka tu kutembea.”

Nilisikia vitambaa vikivutwa. Halafu sauti yake ikaja kubwa, kwa mara ya kwanza ikiwa imeelekezwa kwangu moja kwa moja.

“Daktari! Kuja ufanye kazi yako. Maro wako hayuko hapa, ameenda soko.”

Niliingia. Alikuwa amejifunika leso moja kuanzia utosini hadi kiunoni, na ya pili kuanzia paja kwenda juu, na shuka ya hospitali ikafunika muundi na miguu. Kilichobaki nje kilikuwa magoti mawili. Sista akaweka mkono wake juu ya paja kuzuia leso isiteleze. “Huku ni kwangu,” aliniambia. “Kwako ni goti peke yake.” Mtu mmoja kitanda cha mbele akacheka, sista akacheka, na leso ikatikisika usoni pa mgonjwa kwa kicheko cha yule ambaye hakuwepo.

Nilisugua viganja vyangu. Nikaanza na goti zima, nikalizunguka taratibu mpaka nikalijua. Nikaweka mgongo wa mkono kwenye lile la pili, na joto likanirudisha nyuma. Uso sikuweza kuutazama, kwa hiyo nilitazama vidole vyake vilivyoshika ukingo wa leso. Vilipokaza, nililegeza. Sista akakichukua kidole gumba changu akakiweka pembeni ya pia ya goti. “Sukuma kidogo. Unasikia kama kijishimo?” Nilikisikia. Kwa miezi yote ile nilikuwa nikikubali kwa kichwa tu kwamba nakisikia.

Nikapaka iodini, nikachoma dawa ya ganzi, nikangoja. Sista akaegemeza kiganja chake upande wa pili wa goti kuyasukuma maji kuja kwangu. Sindano ilipopenya nilihisi ukinzani, kisha ukinzani ukaisha, na nilipovuta, bomba likajaa maji mazito ya manjano yenye ukungu. “Uwi, yawa,” mama mkwe akalia chini ya leso, mara moja tu. Nilijaza mabomba matatu. Goti likanywea machoni petu. Nilikuwa nimeloa jasho mpaka soksi.

Fundi wa maabara aliviona vijidudu kwenye darubini jioni hiyo hiyo. Tulikuwa tumeshamtundikia dripu na dawa kali. Kila asubuhi kwa siku tano nilirudi kulikausha goti, na kila asubuhi nilipokaribia kitanda leso ilipanda usoni na sauti ikatangaza kwamba maro ameenda soko, leo Oyugis, leo Kendu Bay. Siku ya sita bomba lilitoka tupu, na homa haikurudi.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya sista. Aliliamsha goti lile kidogo kidogo, kiganja kimoja juu yake akisikiliza kama lina mchanga ndani, na siku za kwanza lilikunjika kiasi cha kutia aibu. Hakuna aliyetuahidi kwamba lingefika mwisho. Mama aliondoka wiki ya nne akitembea kwa fimbo, mguu bado mgumu, na nilimwona kutoka dirishani akipanda gari kwa shida, dada yake akimsukuma kutoka nyuma.

Mke wangu alikuwa ameniuliza swali moja tu siku ile ya kwanza. “Ulimgusa?” Nikamwambia nilikuwa nimegusa goti. Alilia, akacheka, akanipikia. Baba yangu mdogo alipopata habari alileta manyasi, mizizi ya kuchemsha inayosafisha mambo ya namna hiyo, akanitaka ninywe mbele yake. Nikanywa. Yalikuwa machungu ajabu, na sikubishana hata na tone.

Kwa sista nilikwenda na kuomba jambo ambalo lingenishinda miezi michache nyuma. Nilimwomba anifundishe upya, tangu mwanzo, nikiwa nimefungua masikio. Alinitazama kama ananipima homa. “Leta mkono,” alisema, akanipeleka kitanda cha kwanza. Tulivizunguka vitanda vyote kumi na sita mchana ule. Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeti virefu, na kila kiungo nilichowahi kukishika vizuri nilikishika kwa mikono ya mama yule wa Ntimaru. Nilimshukuru akiwa hai, mara nyingi mpaka akachoka, na bado naona sikumshukuru vya kutosha.

Msimu wa kuvuna njugu, mke wangu na mimi tulikwenda Rangwe. Nilipokewa kama mkwe anavyopokewa. Niliketishwa kwenye kiti cha wageni kilichoelekea mlango, shemeji zangu wakanihudumia, na mama mkwe hakuingia. Salamu zake zililetwa na mtoto. Sikuthubutu kuuliza habari za goti, kwani hapa hapakuwa hospitali, na maro alikuwa amerudi kutoka soko.

Kupitia mlangoni niliona shamba lililo ng’ambo ya ua. Alikuwa huko peke yake, amenipa mgongo, bila fimbo. Alichuchumaa mpaka chini kabisa, akakaa hapo kama anatafuta kitu udongoni, kisha akainuka bila kushika chochote. Akasogea hatua moja. Akachuchumaa tena, polepole, akainuka. Mikono yake ilikuwa mitupu.

“Mama anatafuta nini pale?” mke wangu akauliza, akichungulia begani kwangu. “Sehemu ile walimaliza kung’oa jana.”

Nilisogeza kiti ili naye aone vizuri. Mama mkwe alisogea hatua nyingine kwenye udongo mtupu, bado amenipa mgongo, akachuchumaa mara ya tatu.